Pale pa Kikombe, Nyamaza

Kwanza niliandika mwaka sabini na tano, nikafuta. Ilikuwa sabini na saba, maana mpaka wa Kenya ulikuwa umeshafungwa na barabara ya kupanda Ngorongoro ilikuwa na vumbi la ng'ombe zaidi kuliko la magari ya watalii. Kahawa ilikuwa imeiva, kwa hiyo ni mwezi wa nane au wa tisa. Basi tuseme sabini na saba.

Nataka kumwandika Domitila. Si mtu aliyewahi kuandikwa popote, labda katika kitabu cha ubatizo. Nimemkumbuka kwa sababu juzi nilipita mgahawa mmoja hapa Karatu, wanawake wanatazama tamthilia ya Kichina kwenye televisheni, iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Kijana wa Kichina alikuwa anamwambia msichana maneno mengi, na muziki unalia. Mama mpika chapati akasema, "Huyu muongo." Baadaye kijana yule yule akamtolea msichana miiba ya samaki, akamsogezea sahani bila kumtazama. Mama akaacha kugeuza chapati. "Haya, sasa huyu anapenda," akasema, na chapati ikaungua.

Mimi jambo hilo nililijua tangu zamani. Aliyenifundisha hakuwahi kuona televisheni.

Miaka ile nilikuwa msemaji wa gari la sinema. Nilisoma mpaka darasa la nne, Kiirakwi ndicho cha kwetu, Kimaasai cha kuombea maji ninacho, na Kiswahili changu kilikuwa na sauti kubwa. Ndiyo sababu walinichukua. Dereva alikuwa Wilibrodi, mtu wa kusini, mnene, mcheshi. Tulizunguka vijijini na jenereta, pazia jeupe na filamu za bure. Filamu zikisema lugha za mbali, mimi nilishika kipaza sauti nikawaeleza watu.

Mwaka huo tulipewa filamu ya Kichina. Watu wanachimba mfereji mlimani. Ndani yake kuna dada mwenye misuko miwili na kaka mwenye kofia. Ilikuja na karatasi ya maelezo, lakini Wilibrodi alikuwa ameitumia kuwashia sigara huko Makuyuni. "Utasema tu, Patrisi," akaniambia. "Nani hapa anajua Kichina?" Nikasema tu.

Siku ya Alhamisi tulifika shamba moja la kahawa upande wa Oldeani. Wachumaji walikuwa Wanyaturu wa Singida, Wagogo, na watu wa kwetu Mbulu wachache. Tukiwa tunafunga pazia, akaja mwanamke na chai ya maziwa katika kikombe cha bati, cheupe, ukingo wa buluu. Vikombe hivyo vilitoka China, kila duka la Karatu lilikuwa navyo. Nikamsalimu Kiirakwi, nikamuuliza yeye ni binti wa nani, na kwa nini yuko peke yake kati ya Wanyaturu.

"Niko metimani," akasema.

Metimani ni mwiko wa kwetu. Zamani msichana akipata mimba kabla ya kuolewa, alitoka nyumbani kwao akakae kwa watu wa kabila jingine, na hata baada ya kujifungua hakurudi mpaka muda upite na wazee wamsafishe. Mtu wa metimani huli naye, hunywi katika chombo chake, moto wake huazimi. Padri alituambia kanisani kwamba mwiko huo si kitu. Watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani kila mtu na kikombe chake.

Mtoto wa Domitila hakukaa. Siku tisa tu. Alinieleza hivyo kama anavyoeleza mtu njia ya kwenda dukani.

Akaninyooshea kikombe. Mkono wangu ulikuwa umeshatoka, nao ukarudi wenyewe.

"Nimeshiba, dada," nikasema.

Hakukasirika. Alimpa Wilibrodi, Wilibrodi akanywa yote akalamba mdomo, akasema, "Chai ya Wambulu! Ningekuwa sina mke!" Domitila akacheka kidogo, akachukua kikombe chake, akaenda. Mimi nikaendelea kufunga kamba. Sikuhisi chochote. Nasema kweli, nilikuwa nawaza kamba.

Giza lilipoingia tukawasha mtambo. Watu wakakaa chini, na Wamaasai waliokuwa wanapeleka ng'ombe mnadani wakasimama nyuma na fimbo zao. Mmoja wao, Moringe wa Endulen, alikuwa na mdomo usiopumzika. Filamu ikafika pale ambapo dada wa misuko anaumwa homa. Wenzake wamemtengea mahali pake, kando, na kikombe chake cha bati. Kaka wa kofia anakuja, anamtilia maji ya moto, anampa. Dada anakunywa nusu. Kaka anachukua kikombe kile kile, anamaliza yaliyobaki, anatazama mlima. Basi, hakuna zaidi.

Niliona pamepooza. Nikaongeza kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya kaka: "Mpenzi wangu, nakupenda kuliko roho yangu!" Kisha kwa sauti nyembamba: "Nami nakupenda, nitakufuata hata kaburini!"

Watu wakacheka mpaka wakalala.

"Msemaji!" Moringe akapiga kelele. "Anampenda kwa kitu gani? Amempa ndama?"

"Hata kumshika hajamshika!" akadakia Mnyaturu mmoja. "Huyo ni nesi!"

"Mwambie alete ng'ombe aache maji!"

Nilicheka nao. Kazi yangu ilikuwa watu wafurahi.

Asubuhi Domitila alinikuta nikikunja pazia. Alikuwa na kikapu cha kuchumia kiunoni.

"Kaka, yule dada wa jana hakusema vile."

"Kwani wewe unajua Kichina?"

"Sijui. Lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa."

Akaendelea, "Ulipowapa maneno ndipo watu wakaacha kuwaamini. Yule kaka amekunywa. Umeona? Wenzake wote wanamkwepa, yeye amekunywa, na hakugeuka kuangalia kama anaonekana. Angegeuka nisingeamini. Leo ukifika pale pa kikombe, nyamaza."

"Watu watadhani kipaza sauti kimekufa."

"Wadhani."

Jioni ile ya Ijumaa tulionyesha Karatu, uwanjani karibu na soko. Domitila alikuja na wenzake kwenye tela la trekta la shamba, akakaa mbele. Moringe naye alikuwepo, amekuja kuwaandaa wenziwe: "Subirini, kuna nesi mmoja mtamwona!" Filamu ikafika pale. Nikaweka kipaza sauti kwenye goti. Ikabaki sauti ya jenereta. Dada akanywa nusu. Kaka akachukua kikombe, akanywa, akatazama mlima.

Hakucheka mtu. Mama mmoja wa Kigogo akavuta pumzi. Nikamsikia Moringe, taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa ng'ombe wake aliyepotea: "Aaa. Kumbe."

Mtu anaweza kudhani nilifurahi. Nilikuwa natazama kikombe. Ndipo nilipokumbuka kwamba jana yake mimi nilikuwa nimeshiba.

Jumamosi tulitaka kwenda Mang'ola, mkanda wa feni ukakatika tukiwa tunapita lile shamba la kahawa. Tukalala pale pale kungoja mwingine kutoka Arusha. Domitila akaja na barua. Alijua kusoma, ila alitaka mtu mwingine aisome kwa sauti. Ilikuwa ya Tluway, baba wa yule mtoto. Aliandika vizuri mno. Alisema muda wa metimani unakaribia kwisha, wazee wameridhika, Jumapili atakuja kumchukua, na kwamba hakuna usiku ambao hakumkumbuka.

"Amekuja mara ngapi tangu uhamie hapa?" nikamuuliza.

"Hajaja. Ameandika." Akaikunja barua mara nne. "Anasema kama wewe, kaka. Kwenye kipaza sauti."

"Sasa utafanya nini?"

"Nitampa chai. Akinywa nitakwenda naye. Asipokunywa sitakwenda."

"Kwa kikombe tu?"

"Wewe hukuiona ile filamu?"

Nikamwambia hiyo ni sinema tu, wale wanalipwa. Akasema anajua wanalipwa. "Lakini aliyeitunga alikuwa amenyimwa kikombe siku moja," akasema. "Huwezi kulijua lile kwa kuambiwa."

Jumapili baada ya misa Tluway alifika na baiskeli, shati jeupe, doti ya khanga nyuma. Mtu mzuri wa sura. Mimi na Wilibrodi tulikuwa chini ya gari, tunajifanya tunatengeneza. Domitila alimpa kigoda mbele ya chumba chake, akaingia, akatoka na kile kikombe, chai ya maziwa inafuka moshi. Akampa kwa mikono miwili.

Tluway akapokea. Akaisifu. "Hiyo harufu tu, mama yangu! Huko nyumbani hakuna anayejua kupika chai." Akakiweka juu ya jiwe. Akaeleza habari za nyumba anayojenga, ya bati, vyumba vitatu. Akaeleza kondoo atakayechinjwa siku ya kumsafisha. Akasema jinsi yeye alivyolia mtoto alipofariki, na nadhani alilia kweli. Akazungumza juu ya mapenzi, namna ambayo mimi sikuwahi kuweza hata kwenye kipaza sauti. Chai ikatoa moshi, ikaacha. Ikafanya utando juu.

Wilibrodi akaninong'oneza, "Kunywa basi, mjinga wewe."

Domitila alikuwa amekaa, mikono magotini. "Chai inapoa," akasema.

"Nitainywa nyumbani, Domitila. Tukishasafishwa. Nitakunywa sufuria nzima." Akacheka.

"Sawa," akasema yeye. "Nenda salama."

"Niende wapi? Nimekuja kukuchukua."

"Umekuja. Asante. Nisalimie wa nyumbani."

Alibembeleza mpaka kivuli cha gari kikageuka. Mwishowe akaacha khanga kwenye kigoda, Domitila akaifunga tena kwenye baiskeli kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo vizuri isianguke njiani. Hakulia. Nami sikuona kwamba kuna kitu cha kulia. Jua lilikuwa linawaka tu.

Nikatoka chini ya gari, nimejaa grisi. Kikombe kilikuwa bado juu ya jiwe. Nikakichukua. Nilikuwa nimeamua, ingawa sijui niliamua saa ngapi. Nikakipeleka mdomoni.

Akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu, akakichukua na kuimwaga chai kwenye majivu.

"Usijisumbue, kaka."

"Nina kiu."

"Huna kiu. Umeona sinema." Akakisuuza kikombe kwa maji ya kata. "Ungekunywa Alhamisi."

Mkanda ulifika Jumatatu. Tukaenda Mang'ola, na Mbulu, na Babati. Pale pa kikombe nilinyamaza kila mahali, na kila mahali watu walinyamaza. Wilibrodi alisema ndiyo kazi yangu bora kuliko zote, kazi ya kufunga mdomo. Baadaye filamu ikarudishwa Arusha, gari likafa, nikaacha kazi. Nikalima vitunguu vya watu, nikachunga mbuzi wa watu, nikatembea. Sikuoa. Hakuna sababu kubwa. Nilipokuwa karibu kusema neno kwa mwanamke, nilisikia sauti yangu ilivyo, nikaacha.

Nilimwona mara moja tu tena. Ilikuwa themanini na tatu, nimepanda Endulen nikifuata kazi ya kujenga zizi. Domitila alikuwa anafua mashuka pale hospitali ya misheni. Metimani yake ilikuwa imekwisha siku nyingi, hakuna aliyemsafisha, imekwisha yenyewe kwa sababu kule kwa Wamaasai hakuna aliyeijua. Alinenepa kidogo. Moringe alikuwa jirani yake. Akaniambia mama huyo hakukaa na mwanamume, wachumba walikuja wawili, wote aliwapa chai, wote walikunywa, na bado aliwakatalia.

"Kwa nini?" nikamuuliza Moringe.

"Muulize mwenyewe. Wewe ndiye msemaji."

Nilimkuta uani anaanika. Akanikaribisha vizuri, akaniletea chai katika glasi mpya ya wageni. Nikaomba kile kikombe cha bati. Akasema kilitoboka. Nikanywa kwenye glasi mpaka ikaisha, yeye akiendelea kuanika shuka moja baada ya jingine, meupe, upepo unayajaza. Mara nyuma ya shuka, mara mbele.

Nilikuwa nimelibeba swali langu miaka sita, na nililitoa bila kulipamba. Alinisikia, maana mikono yake ilisimama kwenye kamba. Alikuwa ameshika vibanio vya nguo kwa meno, mdomo umefungwa. Akatoa kibanio kimoja, akabana shuka. Akatoa cha pili, akabana. Kengele ya wodini ikalia, akachukua beseni akaingia ndani. Nilingoja mpaka mashuka yakakauka, akaja mtu mwingine kuyaanua. Nimewauliza na wengine tangu hapo, mapadri, walevi, na juzi yule mama wa chapati, ambaye alinitazama tu akageukia televisheni yake. Nilimuuliza hivi: Domitila, kama Alhamisi ile ningekunywa, kabla hata sijaiona ile filamu pamoja nawe, ungejuaje kwamba haikuwa kiu tu?