Rangi ya Kirui Kwenye Chepkong'o ya Baba

Mkono wa Mheshimiwa ulikuwa kijani mpaka kwa kifundo, chepkong'o ya marehemu baba yangu ilikuwa imegandana na shati yangu nyeupe, na uwanja mzima wa Mogogosiek ulikuwa unacheka mpaka akina mama wanashika mbavu. Mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Mzee ameoa hiyo kitu, mwacheni na bibi yake!" Naona aibu hata kuandika, lakini nitaandika, na jina nitataja, kwa sababu mwenye makosa anatembea huko akisalimiwa.

Chepkong'o, kwa asiyeijua, ni kinanda chetu cha nyuzi, ngozi ya ng'ombe imewambwa juu ya bakuli ya mbao, unaikumbatia kifuani na kuipiga kwa vidole. Mimi na rafiki yangu Arap Ngeno tulianza tukiwa vijana wa kuchuna chai, tukingoja lori ya kiwanda pale kituo cha kupimia majani (mvua inagonga mabati, vikapu vimejaa, Ngeno anaanza kuimba na karani anasahau mizani). Mimi vidole, yeye sauti. Siku hizo hakuna mtu aliyetuuliza tumesajiliwa wapi. Tuliitwa kila harusi mpaka Kimulot, tunarudi asubuhi na viatu mkononi, tunacheka.

Sasa juzi serikali ikasema itawalipia wasanii wa zamani studio, nyimbo zao zihifadhiwe, na wa kurekodiwa watachaguliwa kwa sherehe pale uwanjani, wakipiga mbele ya Mheshimiwa. Ngeno alikuwa tayari mgonjwa wa kifua, sauti inaisha hivi hivi tunaiona, na hatukuwa tumerekodi hata wimbo mmoja. Tukiikosa hiyo siku, basi.

Jioni ya kuamkia sherehe akaja Kirui wa ofisi ya utamaduni (kijana wa tai, hajawahi kugusa uzi) na mikebe midogo ya rangi ya mafuta. "Mzee wangu, hii kitu imekaa na moshi sana. Mheshimiwa anataka picha. Paka rangi za bendera."

Ngeno akakohoa. "Ngozi haipakwi rangi, wewe."

Mimi ndiye nilisema wacha tu, tusikosane na ofisi. Nikapaka.

Na baridi ya huku, rangi itakauka saa ngapi? Asubuhi ilikuwa bado inanata kidogo, nikaona si kitu, halafu nikafanya vile baba alinifundisha, vile kila mpigaji wa huku hufanya: kabla ya kupiga unapasha ngozi kwa moto ikaze, ndiyo itoe sauti. Nikaenda kwa akina mama waliokuwa wanapika chai, nikaishikilia karibu na makaa, ngozi ikakaza, lakini rangi ikalainika kama siagi, na mimi huyo, mbio jukwaani, nikaikumbatia.

Ikatoa sauti ya gunia. Ngeno akaanza kuimba hivyo hivyo, na aliimba, Mungu wangu, kama pale kituoni, lakini nani angesikia na mimi navutana na shati? Mheshimiwa akapanda kunisaidia, akavuta, vifungo vikaruka, rangi ikaenda kwa suti. Hapo Kirui akanyakua maikrofoni kutoka mdomoni mwa Ngeno katikati ya wimbo: "Samahani Mheshimiwa, hawa wazee hawakufuata maagizo!"

Hatukufuata! Studio ikapewa vijana walioimba juu ya muziki wa flash disk, na kiongozi wao ni binamu ya Kirui, kila mtu hapa anajua. Ngeno tulimzika kabla mahindi hayajakauka shambani.

Ngozi nyingine nitawamba, na rangi haitaigusa, hata aje nani na tai gani. Lakini wewe Kirui, wacha kunipita barabarani na salamu ya "chamgei, mzee" kama hakuna kitu. Nenda kwa mjane wa Ngeno, ukae, unywe chai yake, halafu umjibu swali ambalo aliniuliza mimi: sauti ya bwana yake ataisikia wapi?