Kilio Kilichoanza Mapema

Juzi tulikuwa tunachambua mchele, binti yangu akanisogezea simu yake. "Mama, angalia hii, ni nzuri." Ilikuwa video ya huko ng'ambo: mwanajeshi katoka vitani, anaingia darasani polepole, mtoto wake anageuka, anapiga kelele na kumrukia shingoni, darasa zima linapiga makofi. Binti yangu alikuwa anafuta machozi ya furaha. Mimi nikasema tu kwamba watoto hao wana bahati, hawajui kuogopa. Aliponiuliza nina maana gani, nikamwambia aendelee na mchele. Lakini wewe unayenisikiliza huna mchele mkononi, acha nikueleze.

Mama yangu alikuwa mwanajeshi. Ndiyo, mama, si baba. Baba alijiendea zake kabla sijaota meno, na nyumbani hakuna aliyepoteza muda kumwulizia. Mama alipopelekwa mashariki, kule kwenye vita, aliniacha hapa mtaani Panda kwa bibi yangu, mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita kambo, maana kwetu kambo ni bibi, si mzazi wa kambo. Nilikuwa mdogo. Baada ya muda nikawa namkumbuka kwa vipandevipande: mikono yake ikinichana nywele, ukali wake nikijichafua, na sauti yake nzito kidogo.

Nyumba zetu ni zile za matofali za kambi ya wafanyakazi wa migodi, zimepangwa mistari, na siku zile jirani akikohoa ulimwambia pole bila kutoka kitandani. Asubuhi tuliamshwa na kinu, mtu anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kabla ya kwenda shule nilifagia kiwanja, nikateka maji, nikampepea kambo mbabula, jiko letu la makaa, mpaka moto ushike na mimi niwe na majivu hadi kwenye kope. Upepo ukitoka upande wa Shituru tulikimbia kuanua shuka, zisije zikanuka moshi wa kiwanda cha kule. Mvua zikianza, wanawake walipanga uyoga kando ya reli, na nyumbani tukala bukari, ugali wetu, na uyoga mpaka tukachoka. Kambo alikuwa akisema, "Mutoto wa mutu haonji njaa ku nyumba yangu," halafu ananiongezea tonge ambalo sikuomba.

Mama alikuwa anapiga kwenye simu ya jirani, mama mmoja muuza mikate aliyekaa ukuta mmoja na sisi. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Unasoma? Ninasoma. Unakula? Ninakula. Pesa ya simu inaisha, na mimi ndiyo kwanza nimepata ujasiri wa kumwuliza anarudi lini. Halafu simu zikakatika. Muuza mikate alijaribu namba yake leo, kesho, mtondo, haipatikani. Redio ikianza kutaja mashariki, kambo aliinuka ghafla akaizima. Mwanzoni majirani walikuwa wakiuliza, "Mama yako anasema nini?" Baadaye wakaacha kuuliza, wakawa wananipa mkate wa bure. Mkate ule ulinitia hofu kuliko redio. Nilichotaka duniani kilikuwa kimoja tu, mama awe hai.

Sasa kuna jambo lazima ulielewe, la sivyo utaniona mjinga. Kwetu mtu haambiwi msiba kwa kumtupia usoni, na mtoto ndiyo kabisa. Msiba ukitokea mtoto akiwa shuleni, direkta mwenyewe, mkuu wa shule, anaingia darasani, anasema kwa sauti ya chini, anatabasamu kupita kiasi, anamwambia mtoto abebe mfuko wake. Mfuko, kwa sababu hatarudi kesho wala kesho kutwa. Mengine ataambiwa nyumbani, na watu wake wakiwa wamemshika. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeona hivyo kwa msichana aliyeketi mbele yangu. Baba yake naye alikuwa askari. Askari mwingine alisimama nje, kofia mkononi. Msichana aliondoka anacheka, akidhani amepewa likizo, na jioni yake tukasikia kilio kwao. Tangu siku ile hakuna mtoto darasani ambaye hakujua maana ya kubeba mfuko.

Basi siku yenyewe tulikuwa kwenye hesabu, mvua imekatika, madirisha wazi. Nasema wazi, kwa kweli hayakuwa na vioo. Direkta akaingia. Alikuwa mtu wa sherehe, mtu wa kupenda hotuba, lakini siku hiyo alikuja ananyata, meno yote nje.

"Mutoto yangu," akaniambia, "beba mufuko yako. Tuende ku biro, iko mugeni."

Nyuma yake, uani, nikaona mgongo wa mtu mwenye mavazi ya jeshi. Mwenzangu wa dawati akaanza kulia kabla yangu. Nikasimama, nikauacha mfuko hapohapo, nikapanda dawati na kutokea dirishani.

Nilikimbia. Nilivuka reli, nikawapita akina mama wa uyoga, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope. Kambo alikuwa amekaa kizingitini na beseni, anaosha uyoga.

"Mama alishakufa!"

"Nani alikuambia?"

"Direkta. Alisema nibebe mufuko. Na askari iko kule."

Hakuuliza tena. Naye alijua mambo ya mfuko. Aliinuka, beseni likamwagika, akaweka mikono kichwani, na kelele aliyopiga ilisikika mistari mitatu ya nyumba.

Siku zile Panda haikuhitaji tangazo. Muuza mikate alifika wa kwanza, unga bado mikononi. Makochi yakatolewa nje, mikeka ikatandikwa ndani, viti vikatoka kila nyumba. Mtu akakata tawi la mchikichi akalisimamisha langoni ili wapita njia wajue hapa kuna kilio. Wanaume wakawasha moto uani, wakakaa kuuzunguka. Wanawake wakajifunga vitenge kiunoni wakajaza chumba. Kambo alikuwa chini kabisa, kichwa wazi, anamwita mwanawe kwa majina yake ya utotoni ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Mimi nilipakatwa na mtu, sijui nani, nikalia mpaka koo likakauka. Usinicheke. Huzuni ile ilikuwa ya kweli, tena sijapata nyingine kubwa kuishinda.

Kule shuleni, kama mama alivyonisimulia baadaye, walinitafuta vyooni na nyuma ya madarasa. Askari yule wa uani alikuwa yeye mwenyewe, ameshuka kwenye lori kutoka Lubumbashi asubuhi ile, shule ikiwa njiani, akataka anione kwanza nikiwa nasoma, na direkta akaona hapo hapana budi kunishtukiza. Mwalimu wangu ndiye aliyewafumbua macho: "Mulimutisha mutoto na ile mavazi." Mama akavua koti la jeshi, akajifunga kitenge juu ya suruali, akajitanda kingine kichwani ili asinitishe tena akinikuta njiani. Direkta hakumwacha aondoke bila soda. Halafu mama akapita sokoni, maana mtu hatoki safari akaingia kwa mama yake mikono mitupu.

Fikiria sasa anafika mtaani kwetu, sukari na mikate mkononi, anaona tawi la mchikichi limesimama kwenye lango la mama yake. Miezi mingi hakuwa amepata simu wala habari. Angefikiri nani amekufa kama si mama yake? Mzigo ukamwanguka. Akapita katikati ya wanaume, kichwa chini, mikono kichwani, akaingia ndani analia.

Nasi tukampokea. Kwenye kilio akiingia mliaji mpya, wote waliomo wanapandisha sauti kumsaidia, ndiyo heshima. Hakuna aliyemwangalia usoni. Akaanguka mkekani karibu na mlango. "Mama yangu weee! Minye nilikuya kukuona, weye unaniacha!" Muuza mikate akawa anampapasa mgongo. "Vumilia, mama. Shiye bote tulimupenda." Chumba kimoja, kambo pembeni anamlilia binti yake, binti mlangoni anamlilia mama yake, na katikati watu wanawasaidia wote wawili.

Kambo ndiye aliyenyamaza kwanza.

"Munyamaze," akasema. "Munyamaze bote. Ile sauti ni ya mutoto yangu."

Walidhani akili zimemruka. Mmoja akamshika mkono, "Kambo, pole," na kambo akausukuma mkono ule kwa nguvu ambazo hatukujua anazo. Alitambaa juu ya mikeka, juu ya miguu ya watu, mpaka kwa yule mgeni, akamfunua kichwa. Wakaangaliana.

"Mama?" mama yangu akasema. "Basi nani alikufa?"

"Ni weye."

Ee Mungu wangu! Mwanamke mmoja alitoka mbio akaacha viatu vyake, na alivifuata kesho yake mchana kweupe. Kambo alimpiga mama kofi la bega, akampiga la pili, ndipo akamkumbatia. Kisha akaingia jikoni akatoka na unga, akammwagia kichwani, akatumwagia na sisi, kama watu wanavyofanya mtoto akifaulu mtihani. Vigelegele vilipotoka, wanaume kule nje wakadhani wanawake wameshikwa na wazimu. Na kwa kuwa viti vilikuwa vimeshatolewa na moto umeshawaka, hakuna aliyekubali kurudi kwake. Bukari ya kilio ikaliwa kwa kicheko, na direkta aliyekuja jioni kuomba radhi akatoa hotuba ndefu ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Mimi sikumrukia shingoni. Nilikuwa nimekwisha kumlilia, na sikujua furaha inaanzia wapi mtu akiwa amelia hivyo. Mama hakunilazimisha. Aliketi mkekani, unga kwenye nyusi, akaniangalia.

"Nani anakuchanaka hii nywele mubaya hivi? Kuya hapa."

Nikaenda. Akaanza kunifumua, msuko mmoja baada ya mwingine. Nilifurahi.

Likizo ilipoisha, mtaa mzima ulimsindikiza hadi kwenye lori. Alipiga simu kwa muda, kisha zikakatika kama mwanzo. Safari hii hakuna aliyekuja na habari shuleni, wala nyumbani. Waliotoka mashariki tuliwauliza, na kila mmoja alikuwa na neno lake, hakuna aliyemwona kwa macho yake. Nikamaliza shule, nikaolewa. Majirani walimjia kambo kwa adabu, wakamwambia miaka imepita, tutandike mkeka, tumlilie, apumzike. Kambo akawapa chai.

"Tulishamulilia," akawaambia, "na akakuya. Minye sitamulilia tena."

Walikuja tena, wakajibiwa hivyohivyo, mpaka wakaacha. Alikufa akiwa hajakubali.

Mimi bado nakaa nyumba hiihii. Muuza mikate alichukuliwa na watoto wake Kolwezi. Wengine wamezikwa, wengine wameuza. Nyumba zimezungushiwa kuta ndefu, na majirani wangu wa sasa ni watu wema, tunasalimiana getini, lakini walihamia juzijuzi. Kuna siku natamani kumlilia mama yangu, mara moja, inavyotakiwa, na watu wamenishika. Nikitoa viti nje watakuja, najua watakuja. Ila watauliza nani alikufa, na atakayetakiwa kujibu ni mimi.