Kanga Juu ya Kabureta

Petroli ikinidondokea mkononi kituoni, mimi nasikia harufu ya kanga iliyolowa.

Tulikuwa tunatoka Ipole, baba, mama na mimi, pikapu imejaa madumu ya asali, jua la utosi. Bibi mmoja akaja kwa miguu barabarani, akitokea mbele yetu. Baba akazima gari, maana kwetu mtu mzima haamkiwi huku injini inanguruma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo humo?"

Bibi alipokwenda zake, gari likagoma. Petroli ilikuwa imechemka kwa joto ndani ya kabureta, haifiki kwenye injini. Baba akapiga stata mpaka ikaanza kukohoa.

"Acha, utamaliza betri," mama alisema. Akavua kanga yake ya mabegani, akailowesha kwa maji yetu ya mwisho ya kunywa, akaizungushia kabureta. Ikafuka mvuke. Tukangoja na kiu yetu. Baba alipojaribu tena, likawaka.

"Baba, siku nyingine usizime," nilisema.

Mama akanigeukia. "Halafu salamu tumwachie nani?"

Gari langu la sasa linawaka kwa kitufe. Nikifika pale tulipokutana na yule bibi huzima, nikashusha kioo, nikasema shikamoo, hata barabara ikiwa tupu.