Mashapo Chini ya Ndoo

Dirisha la jikoni kwetu halifunguliwi. Si bovu, ila wifi yangu amelipanga chupa. Ni chupa ndogo za dawa, kumi na nne, kila moja imebandikwa tarehe, na ndani yake mna vanishi ya maji yenye weupe hafifu, kama maziwa yaliyozidishwa maji. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, anazipitia moja moja kwa tochi akitazama vitako. Kiwandani wanamwita Mama Chupa. Mimi ni dada wa mumewe, nimeishi naye nyumba moja miaka tisa, na majina ninayomwita mimi hayaandikiki.

Tunafanya kazi kiwanda kimoja cha rangi. Mimi nafunga ndoo, yeye anachanganya kilichomo. Zamani alikuwa akiosha matangi, mikono ikichubuka, kucha zikiwa na rangi ya bati hata siku za sherehe. Alipopandishwa kuwa mchanganyaji alinunua rangi ya kucha nyekundu, akakaa barazani siku nzima ameinyoosha mikono ili kila apitaye amwone. Nilimcheka sana siku ile. Sasa simcheki tena.

Balaa lilianza mwaka huu, ulipoletwa unga wanaouita wa nano. Unatiwa kwenye vanishi ili jua lisipasue milango. Chembe zake ni ndogo mno. Mia tano zikisimama foleni hazifikii unene wa unywele mmoja. Na zina tabia mbaya: ukizitia majini zinakumbatiana, zinakuwa mabonge, na mabonge yanazama. Kazi ya wifi ni kuziachanisha na kuhakikisha hazirudiani. Ananyunyiza unga kidogo kidogo, anatia dawa ya kutenganisha, kisha anaupitisha mchanganyiko kwenye mashine ya kusagia yenye shanga za kauri kwa saa sita. Baada ya hapo unatakiwa ukae siku thelathini bila kutuama.

Haukukaa hata wiki. Watengeneza milango walirudisha shehena ya kwanza, wakarudisha na ya pili, kila ndoo ikiwa na tope jeupe chini, zito hata kijiti kinasimama. Meneja alimwita wifi mbele yetu sote.

"Shehena ya tatu ikituama, unarudi kuosha matangi," alisema. "Mchanganyaji mwingine anakuja mwezi ujao. Ana stashahada."

Basi huyo mtu kabla hata hatujamwona tukampa jina, Stashahada. Wenzangu wa kufunga ndoo wakaanza utani wao, kwamba Mama Chupa safari hii atamwaga unga kwelikweli. Niliwaambia atakayerudia maneno hayo nitamfungia ndani ya ndoo.

Kilichomtia wifi wazimu ni kwamba mchanganyiko uleule, akiutengeneza kidogo kwenye jagi la maabara, ulikaa. Chupa za dirishani zote zilitoka kwenye jagi lile, na nyingine zilikuwa na siku arobaini bila kuwa na hata utando chini. Akifanya vilevile kwenye tangi kubwa, siku ya nne mashapo haya hapa. Unga uleule, maji yaleyale ya kuchuja, mkono uleule. Alilaumu shanga. Alilaumu umeme, na waosha matangi wakasemwa kwamba hawasugui vizuri. Akawalaumu wauzaji wa unga, na meneja akawaandikia barua ya matusi ya kistaarabu. Nyumbani alikuwa haongei, au akiongea ni ugomvi. Kaka yangu, mtu mpole asiyejua kujibu, alihamishia viti vyake uani.

"Sirudi kwenye matangi, wifi," aliniambia siku moja akikunja nguo ambazo zilikuwa tayari zimekunjwa. "Bora nikae nyumbani. Sirudi."

Jumapili moja mchana nilikuwa napaka nyama chumvi. Jiko lilikuwa la moto, dirisha ndilo hilo, na hasira zikanipanda. Nikaanza kuzihamisha zile chupa bila kunawa mikono. Mojawapo kifuniko chake kilikuwa kimelegea, kikanitoka. Nilikirudisha harakaharaka, nikaona punje za chumvi zimedondoka ndani, nikajifanya sijaona.

Jioni alikuja na tochi yake.

"Nani kaigusa hii?"

"Ipi?"

"Wifi, usinichezee. Jana ilikuwa safi. Ona!"

Chini ya chupa kulikuwa na tope jeupe, na juu maji yamebaki matupu. Majirani zake kumi na tatu walikuwa vilevile. Nilikana mara mbili, ya tatu nikashindwa kumtazama.

"Chumvi," nilisema. "Kidogo tu. Nisamehe."

Nilingoja nitukanwe. Hakunitukana. Alikaa juu ya kigoda, akaigeuzageuza chupa mbele ya tochi. Kisha akasema neno moja, "Tangi," na hakula.

Jumatatu nilimfuata kabla kazi haijaanza. Alilala chini ya tangi na spana, akafungua kiwiko cha bomba la kutolea, akakichokoa kwa bisibisi. Likadondoka bonge la chumvi ya mawe, kubwa kama yai la kuku.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alipokuwa mwosha matangi, wifi ndiye aliyegundua kwamba chumvi ya mawe inakwangua rangi iliyokauka bila kuchubua chuma. Meneja wa wakati ule alimsifu mbele ya kiwanda kizima. Kwa ajili ya chumvi hiyo ndiyo alipandishwa kuwa mchanganyaji, na waosha matangi wote waliomfuata aliwafundisha yeye mwenyewe, mkono kwa mkono. Wanasugua, wanasuuza mara moja, basi. Rangi za zamani hazikujali. Unga huu unajali. Chumvi kidogo tu, zile chembe zinakumbatiana upya.

"Wifi, nisikilize," nilimwambia. "Funga mdomo. Lioshe tangi kwa maji matupu, changanya, shehena itakaa, utakuwa shujaa. Chumvi hii naitupa mimi chooni."

"Na waosha matangi?"

"Waambie tu waache."

"Watauliza kwa nini, wifi. Niwaambie nini? Hawa wamesemwa mwezi mzima, na wauzaji wametukanwa. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Nani anajua?"

"Mimi."

Nilimwita mjinga. Nililia kwa hasira pale pale juu ya sakafu. Yeye alilifunga bonge kwenye kitambaa, akapanda ngazi kwenda kwa meneja, naye akasema atangoja aone shehena ya tatu.

Shehena ya tatu aliichanganya kwenye tangi alilolisuuza mara tano. Siku thelathini zilipita. Tulifungua ndoo, nikazamisha kijiti mwenyewe hadi chini, kikatoka safi. Nilipiga kigelegele peke yangu. Siku hiyohiyo meneja alimwita.

"Tumewatukana watu mwezi mzima, kumbe kweli ni wewe," alimwambia. "Stashahada anaanza Jumatatu. Wewe unarudi kwenye matangi. Kwa kuosha hakuna anayekushinda."

Alirudi nyumbani akaifuta rangi ya kucha kwa kitambaa na spiriti, kidole kwa kidole. Nilitaka kumwambia, si nilikwambia? Badala yake nikamshikia chupa ya spiriti. Nilimchukia meneja, nikamchukia na yeye kidogo, kwa kutonisikiliza.

Jumatatu Stashahada alikuja, kijana wa watu, shati limenyooshwa, karatasi ya vipimo mkononi. Lori la watengeneza milango lilikuwa limeshafika. Wifi alikuwa ndani ya mabuti ya mpira, amelisuuza tangi mara tatu. Alikinga maji yanayotoka kwenye bomba kwa kikombe, akatumbukiza kipima-chumvi, kale kadude kanakofanana na kipimajoto, akasoma. Akayamwaga. Akafungua mpira wa maji tena.

"Mama, tunaweza kuanza?" Stashahada aliuliza.

"Bado."

Meneja alitokeza juu ya ngazi. "Lori linasubiri! Washeni hiyo mashine!"

Stashahada alimtazama meneja, akamtazama wifi, mkono ukiwa karibu na swichi. Wifi hakuinua kichwa. Alisuuza mara ya nne, akakinga, akasoma. Akasuuza mara ya tano. Sote tuliacha kufunga ndoo.

"Mama?"

"Bado, mwanangu."

Akaushusha mkono, akasubiri.