Josho Lililojaa Kabla ya Wakati

Akina mama walipomaliza kulijaza maji josho la kuogeshea ng'ombe saa kumi alasiri ya Jumatatu, siku nzima kabla ya wakati uliotarajiwa, Jotham Mukhisa aliwashukuru, akazisifu nguvu zao, akaenda zake nyumbani. Wasiwasi haukumgusa hata kidogo, na jambo hilo ndilo lililomtesa zaidi baadaye.

Ulikuwa mwaka wa 1949, upande wa Myanga. Jotham alikuwa amekaribia miaka arobaini. Mingi kati ya miaka hiyo aliimaliza katika shamba la mzungu mmoja kule Endebess, alikokwenda akiwa kijana wa kukata magugu ya mahindi, akaondoka akiwa mtunza josho. Ujuzi wake aliupata kwa Ranjit, fundi Kalasinga wa mji wa Kitale, aliyekuwa akija shambani kutengeneza masanduku ya nafaka na mabirika ya kunyweshea mifugo. Fundi huyo alipenda hesabu kama wengine wanavyopenda tumbaku. Alimfundisha Jotham kuandika sifuri, akijivuna kwamba alama hiyo ilizaliwa kwa mababu zake Wahindi, ikapita Baghdadi mikononi mwa wataalamu wa Kiarabu, na ndipo Wazungu nao wakajua kuhesabu sawasawa. Akamfundisha pia kupima ujazo: urefu mara upana mara kina, kisha kila futi ya ujazo ihesabiwe kuwa galoni sita na robo. Jotham alipima kila sanduku lililotoka mikononi mwa fundi, na hakukosea hata mara moja.

Aliporudi kwao alikuta ndigana, homa ya kupe, inamaliza ndama. Boma lililokuwa na ndama kumi lilibaki na mmoja au wawili, tena wanaokohoa. Wazee waliomba josho, josho likajengwa, na kwa kuwa Jotham ndiye pekee aliyelijua, akapewa kazi. Lakini waashi waliondoka bila kuandika ukutani lile shimo linabeba galoni ngapi. Kule Endebess idadi ilikuwa imeandikwa kwa lami, na mtu hakuwa na haja ya kuwaza. Hapa maagizo yalisema tu kwamba kila galoni mia tatu sabini na tano zitiwe kopo moja la dawa ya aseniki, na kwamba bwana mifugo angekuja kupima mwenyewe. Wiki tatu zikapita bila bwana mifugo kuonekana. Ndama wakazidi kufa. Jotham akasema, mbele ya baraza, kwamba hesabu hiyo anaiweza.

Akapima kwa kamba mdomo wa josho: urefu futi thelathini, upana futi tano. Akazamisha mti pale penye kina: futi sita. Akazidisha, akapata futi za ujazo mia tisa, na katika hizo galoni elfu tano mia sita ishirini na tano. Makopo kumi na tano kamili, bila salio. Hesabu isiyoacha salio humpendeza mtu, naye akaipenda.

Palikuwa na njia nyingine ya kujua, nyepesi kuliko ile: kuhesabu madebe ya maji yanayomiminwa, kwa maana kila debe ni galoni nne. Jotham aliipendekeza. Mzee Wabwile, ambaye josho lilijengwa katika ardhi yake, alikataa kabisa. Watu wa pale hawahesabu watu wala ng'ombe. Mama hasemi ana watoto wangapi, huwataja majina. Anayeelekeza kidole kwa viumbe na kusema mmoja, wawili, watatu, anakionyesha kifo njia. Jotham alijibu kwa adabu kwamba atahesabu madebe, wala si watu. Mzee akamuuliza lile debe litakuwa limekaa juu ya nini. Baraza likacheka, na Jotham mwenyewe akacheka, kwa kuwa ni kweli: chini ya kila debe kulikuwa na kichwa cha mwanamke.

Basi maji yalimiminwa bila kuhesabiwa. Jumatano jioni Jotham alitia makopo kumi na tano, akayakoroga kwa mti mrefu, akafunga lango kwa miti. Siku ya kuogesha ilikuwa Alhamisi.

Asubuhi ya siku hiyo, mkewe Nanyama alikuwa akimpozea mtoto wao mchanga uji huku akimtania. Jotham alikuwa akivaa viatu.

"Baba Sellah," alisema, "si wewe ulituambia tutateka maji siku mbili? Tukamaliza kwa moja. Ati hesabu ya Kitale! Ungeniuliza mimi niliyeyabeba."

Jotham alicheka, akafunga kamba ya kiatu cha kwanza. Kiatu cha pili hakukifunga. Alibaki ameinama, na Nanyama alidhani mgongo umemkaza. Kilichomkaza ni lile neno *moja*. Akina mama wale hawakuwa na nguvu za ajabu. Walikuwa ni wale wale, na madebe yalikuwa ni yale yale. Kama maji yalitosha kwa nusu ya siku alizozikadiria, huenda josho lilikuwa nusu ya josho alilolihesabu.

Akaliona lile shimo kama lilivyokuwa kabla ya maji. Kuta zake zililala kwa ndani. Upande mmoja ulishuka ghafla, ng'ombe atumbukie. Upande wa pili ulipanda taratibu, ng'ombe atoke. Alikuwa amesimama ndani yake kwa miguu yake mwenyewe, ameona chini palivyo pembamba, na bado alipima mdomo tu.

Alimuuliza mkewe walikwenda mtoni mara ngapi. Nanyama akajibu kwamba mara kumi, wote kwa pamoja, kwa kuwa walikwenda kwa msafara mmoja na kurudi kwa msafara mmoja. Safari za miguu hazina mwiko. Kisha Jotham akamuuliza walikuwa wangapi.

Nanyama akamtazama mtoto aliyempakata, akamfunika kichwa kwa khanga.

"Hilo usiniulize."

"Mama Sellah, ng'ombe wako njiani."

"Na huyu je? Na dada zake? Nikikuhesabia wanawake wa watu, na mmoja akifa, utasema nini?"

Jotham alikuwa Mkristo aliyebatizwa, mwenye kiti chake kanisani, na mara nyingi alikuwa amewaambia vijana kwamba miko hiyo ni giza la zamani. Lakini asubuhi ile alishikwa na hofu mbili kwa pamoja: hofu ya kuhesabu na hofu ya kutohesabu. Akasogeza ungo wa mahindi. Akamwambia mkewe asitaje idadi yoyote, ataje majina tu, kama anavyowataja watu katika sala. Kwa kila jina yeye angetoa punje moja na kuiweka kando, bila kusema neno.

Ndivyo walivyofanya wachungaji wa kale kabla lugha yoyote haijawa na maneno ya idadi: jiwe kwa kondoo, jiwe kwa kondoo, na jiwe likibaki mkononi, mchungaji akajua kuna aliyepotea. Nanyama alianza na mama mkwe wake, akafuata Wilkista wa ng'ambo ya kijito, akaendelea nyumba kwa nyumba, sauti ikishuka kila jina, hata mwishoni alikuwa akinong'ona. Alipomaliza, Jotham akazipanga punje kumi kumi. Mafungu yakawa saba.

Mafungu saba ni watu sabini. Mara kumi, madebe mia saba. Mara nne, galoni elfu mbili mia nane. Alikuwa ametia dawa ya galoni elfu tano na zaidi. Mle shimoni hamkuwa na dawa tena, mlikuwa na sumu, na nje, barabarani, alisikia kengele za ng'ombe zikipita kuelekea huko.

Alikimbia na kiatu kimoja kisichofungwa, na akilini mwake hofu ilimwandalia maneno. Angeweza kusema kwamba dawa haijaiva. Angeweza kusema bwana mifugo ameleta habari wangoje wiki moja. Wangenung'unika, wangerudi nyumbani, naye angelipunguza lile josho polepole, na hapana ambaye angejua. Uongo huo ulikuwa mzuri, ungemwokoa kila mtu. Aliushika mpaka alipofika kwenye kilima kidogo cha mwisho, ambapo josho linaonekana.

Mzee Wabwile hakuwa na subira. Alikuwa ameondoa miti ya lango mwenyewe, kwa kuwa ardhi ni yake. Ng'ombe wake mwekundu, mwenye mimba, alikuwa tayari ametumbukia, ameogelea, na sasa alikuwa akipanda upande wa pili akichuruzika, huku mzee akimsifu kwa sauti. Nyuma yake, katika kichochoro cha miti, mifugo ya vijiji vinne ilikuwa imesongamana, pua kwa mkia.

Jotham akaingia katikati ya kichochoro, akatandaza mikono mbele ya ng'ombe wa pili.

"Toka hapo, mwalimu wa kupe," mzee alisema akicheka. "Au unataka kuoga kwanza?"

Ule uongo ulikuwa bado mdomoni. Lakini kuusema kungemwacha yule mwekundu akauke na dawa ngozini, ajilambe, afe polepole bila mtu kujua kwamba anapaswa kuoshwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa kifo kilikuwa cha mnyama wa mtu mwingine.

"Nimekosea hesabu, mzee," Jotham alisema. "Dawa ni mara mbili. Huyo wako aoshwe sasa hivi. Wengine wasiingie."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Kisha mwanamke mmoja akachukua debe na kukimbilia mtoni, wengine wakamfuata, wakammwagia ng'ombe yule maji mpaka ardhi ikawa tope. Alihara siku ile. Kesho yake ngozi ya tumbo ilichubuka. Siku ya tatu alikufa, na ndama ndani yake.

Josho likazibwa kwa miiba. Habari za punje zilivuja, maana habari haizuiwi na miiba, na wapo waliosema kwamba ng'ombe hakuuawa na dawa. Aliuawa na kuhesabiwa kwa akina mama. Wiki hiyo hiyo Wilkista akashikwa na homa. Jotham alipita nyumbani kwake kila asubuhi, akasimama uani bila kubisha, akisikiliza kama kuna kilio. Alisali, lakini katikati ya sala alijikuta akitafuta akilini ile punje ya Wilkista, ilikuwa katika fungu la kwanza au la pili. Wilkista alipona. Asubuhi moja Jotham alimkuta anafagia, akamsalimu, akaenda zake.

Ndipo akaliendea josho, akaipima sakafu yake kwa kuipapasa kwa mti mrefu, kisha akaenda Kitale kumtafuta Ranjit. Fundi alikuwa amezeeka, anaranda ubao mbele ya duka la nduguye. Alisikiliza yote, akauliza vipimo vya chini, na Jotham akamtajia: urefu futi kumi, upana futi mbili.

"Mimi nilikufundisha sanduku," alisema. "Shimo sikukufundisha. Kosa tugawane."

Akamwonyesha juu ya ubao, kwa penseli ya useremala. Kitu kipana juu na chembamba chini hakipimwi kwa mdomo wake. Pima eneo la juu, pima eneo la chini, pima na eneo la katikati. Hilo la katikati lihesabiwe mara nne. Jumlisha, zidisha kwa kina, gawanya kwa sita. Wamisri wa kale walikuwa na kanuni ya jamaa hiyo kwa piramidi iliyokatwa kilele, karne nyingi kabla ya mitume. Juu mia moja na hamsini, katikati, futi ishirini kwa tatu na nusu, sabini mara nne, chini ishirini: ikawa mia nne na hamsini. Nusu kamili ya mia tisa. Galoni elfu mbili mia nane na kumi na mbili na nusu, na punje za Nanyama zilikuwa zimesema elfu mbili mia nane. Kweli ile ile ilikuwa imefikiwa kwa njia mbili, moja ya wenye elimu na moja ya mwanamke aliyekuwa akinong'ona majina, na zote mbili zilikuwepo tangu mwanzo, zikimngoja aulize. Muumba amevipanga vitu kwa kipimo, wala kipimo chake hakimwonei haya mtu mwenye haraka.

Aliporudi, wanaume walichimba shimo mbali na kijito, wakateka nusu ya maji ya josho na kuyafukia humo, na akina mama wakajaza maji safi. Kabla ya siku ya kuogesha, Jotham alimfungua mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye, akamwongoza hadi kwa Mzee Wabwile. Nanyama alimsindikiza hadi kwenye ua. Jotham alikuwa pia na kufuli mpya ya lango, na ufunguo wake. Akaviweka vyote viwili miguuni pa mzee, akasema watafute mtu mwingine; kwamba kila akilikaribia lile josho huingiwa na hofu.

Mzee alimkagua mtamba meno, akamkagua kwato, akamfunga kwenye nguzo. Hakumrudisha, na hakuna aliyetegemea amrudishe. Kisha akauokota ufunguo, akampa Jotham.

"Ng'ombe nimechukua," alisema. "Huu kaa nao. Huyo mwingine tutakayeletewa atakuwa hajaogopa bado."

Jotham akaupokea kwa mikono miwili. Kesho yake alifika joshoni kabla ya watu, akapima juu, akapima katikati, akapima chini, kisha akarudia tena yote kuanzia chini. Ng'ombe walipoanza kulia kichochoroni, alikuwa bado hajaridhika.