Breki ya Nyuma

Kabla hajaja yeye, aliyekuwa akichekwa ni mimi.

Nalitanguliza hili kwa sababu wachache niliowahi kuwasimulia huuliza mtu yule alikuwa amenikosea nini. Hakunikosea. Alikuja tu, Jumapili moja baada ya misa ya kwanza, akasimama mbele ya kibanda cha fundi baiskeli pale Kiboriloni. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, tumbo limetangulia, kaptura yake ameikata kutoka kwenye suruali ya kazini. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kilichouzwa, na wenye kiwanda wapya wakawapunguza watu. Alikuwa anasukuma baiskeli ya mashindano, ile ya usukani uliopinda kama pembe za kondoo.

"Nimesikia mnaendesha," alisema. "Naweza kufuata?"

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinaingia. Pamoja na marobota ya nguo na viatu vya mitumba zilikuja baiskeli za Wazungu, nyepesi, zenye gia, na fundi wetu alikuwa akizinyoosha na kuwauzia watu. Ndiye aliyetukusanya. Tulikuwa watano: yeye fundi, ndugu wawili waliokuwa wapagazi wa mlimani, karani mmoja wa benki, na mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nauza dawa za mifugo kwenye duka mjini na kukaa kwa shangazi yangu mtaa wa Soweto. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Mwaka mzima nilikuwa nimevumilia. Nikibaki nyuma kwenye mwinuko, fundi aliita, "Dada, rudi nyumbani, mtori unaungua!" na wapagazi wakacheka hadi wakapoteza pumzi za kupandia. Walipojificha kwenye migomba ili nidhani nimeachwa, nililia nikiwa kwenye tandiko, machozi yakikaushwa na upepo.

Sasa akaja mtu mzito kuliko mimi, mzee kuliko sisi sote. Jumapili ya kwanza nilimpita kwenye mwinuko. Sijui kama nimewahi kupata furaha ya namna ile tena. Nilisikia pumzi zake, kishindo kama injini inayokataa kuwaka, na nikiwa mbele yake nikasema kwa sauti ili wenzangu wasikie, "Trekta hilo, lipisheni!"

Wote wakaangua kicheko. Toka siku hiyo hatukumwita jina lake. Tulimwita Trekta, na jina nililitoa mimi.

Naye alicheka pamoja nasi. Alikuja kila Jumapili. Alileta ndizi mbivu kwenye mfuko wa kitambaa, akagawa kwanza ndipo akala. Tulimwacha nyuma kwa makusudi, tukamdanganya njia, tukamfungulia vali ya tairi alipokwenda kujisaidia. Kila mara alitufikia, akafuta jasho, akasema, "Samahanini, nimewachelewesha." Na kila aliposema hivyo nilimchukia zaidi. Sikujua kwa nini. Leo nadhani ni kwa sababu mwaka wote ule mimi sikuwahi kuomba samahani.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwanzoni mwa mvua. Tuliteremka Kahe asubuhi. Huko chini ardhi ni bapa kama meza. Mifereji inapita kando ya njia, mashamba ya mpunga na vitunguu, mto umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kwenye tambarare Trekta alikuwa mzuri. Uzito wake ulimsaidia, akikamata mwendo haukatiki. Asubuhi ile alituongoza sote kwa muda mrefu, upepo wote akaupokea yeye, sisi tukajificha nyuma ya mgongo wake. Karani wa benki akasema, "Leo mzee yuko moto." Fundi hakupenda.

Tukapumzika darajani. Trekta akateremka mtoni kunawa uso. Fundi alitoa spana ndogo mfukoni, akanipa.

"Dada, leo zamu yako. Kaza breki ya nyuma, raba iguse rimu. Kidogo tu. Tuone kama atafika Marangu."

Wapagazi walikuwa wanatazama. Karani alitazama mtoni. Nilichuchumaa, nikakaza. Nilizungusha tairi kwa kidole: lilikwenda duara moja na nusu, likasimama. Nikalegeza robo, nikazungusha tena, mpaka likawa linakwenda kiasi cha mtu kutoshtuka. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya dukani.

Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni ni lami inayopanda bila kupumua, kati ya migomba na kahawa. Miaka hiyo kahawa ilikuwa haina bei, na kwenye vihamba vingine, yale mashamba ya ukoo, watu walikuwa wameng'oa mibuni wakapanda nyanya. Sisi tulipanda, tukafika, tukanunua soda. Tukakaa. Mawingu yakashuka. Fundi akaagiza soda ya pili. Kila gari lililotoka chini tuliliuliza, "Mmemwona mzee wa baiskeli?" na dereva mmoja akatujibu, "Yupo, lakini analia."

Alikuwa halii. Alipotokea kwenye kona uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alishuka, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka, akaenda nyuma ya migomba, tukamsikia anatapika. Mwenye duka, mama mmoja mtu mzima, alimpelekea maji. "Mae!" alimaka akitutazama sisi. "Mtamuua baba wa watu."

"Samahanini," Trekta alisema aliporudi. "Leo mwili umekataa. Nadhani nimezeeka."

Kisha akainama kuichukua baiskeli yake, tairi la nyuma likaning'inia, akaona halizunguki. Akalizungusha kwa mkono. Likasimama.

"Kumbe breki inashika!" alisema. Alinyanyua uso, na ule uso ulikuwa umejaa furaha. "Oneni jamani, breki inashika! Si mimi! Si mimi, ni breki!"

Tulicheka. Alidhani tunafurahi naye, akacheka pia, akamwomba fundi spana. Kwa furaha ile akashindwa kulegeza kidogo kidogo, akafungua waya wote ukachomoka. Matone makubwa ya mvua yakaanza kupiga mabati.

"Utafunga nyumbani," fundi alimwambia, akapanda baiskeli yake. "Twendeni, mvua!"

Nilijua amebaki na breki ya mbele peke yake. Nilijua raba zake za mbele zimekwisha, kwa sababu pale darajani nilikuwa nimezikagua zote. Ingetosha kusema, "Ngoja kwanza." Badala yake niliwaacha wenzangu watangulie, nikakaa nyuma yake. Sikukaa nyuma ili nimlinde. Nilitaka nione akiogopa.

Niliona. Kwenye mteremko wa pili aliubana mkono wa breki mpaka ukagusa usukani, na baiskeli haikupungua mwendo. Aliburuza miguu lamini. Kiatu kimoja kikamtoka. Aliita mara moja, jina la mke wake, kisha kona ikafika na yeye hakukata. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfereji wa mawe.

Nilipomfikia alikuwa amekaa kama mtu aliyekaa kupumzika, ila paja lake lilikuwa limepinda mahali ambapo paja halina kiungo. "Dada," aliniambia, "hebu niangalizie kiatu."

Pikapu iliyobeba ndizi ndiyo iliyompeleka hospitali. Alilala wiki nyingi, mguu umevutwa kwa uzito wa mawe. Tulikwenda kumwona kila Jumapili. Fundi alimwambia wazi bila kupepesa jicho, "Vitu vya mitumba hivi, mzee, ni bahati nasibu." Naye akatutambulisha kwa wagonjwa wa vitanda vya jirani: "Hawa ni ndugu zangu wa baiskeli. Kiwandani nilikaa miaka kumi na minane, hajaja hata mmoja. Hawa hawakosi." Nilipomkabidhi machungwa alinishika mkono, akanishukuru, "Aika, dada, aika sana." Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Mguu uliunga vibaya, ukawa mfupi. Nilivumilia miezi minne. Kisha nikaenda kwa mama yangu Kibosho, nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba. Kwetu jani hilo ukimpelekea mtu uliyemkosea, ni mwiko akukatalie msamaha. Nilimkuta amekaa barazani kwake Kiboriloni, fimbo magotini, mke wake anachambua nyanya za kuuza.

"Shikamoo," nilisema, nikampa jani kwa mikono miwili. Nikamweleza yote: spana, daraja, raba za mbele.

Alilipokea. Mke wake aliacha nyanya.

"Umekuja na isale," mama yule alisema, "kwa sababu unajua hatuwezi kulikataa. Ungekuja mikono mitupu tukuone."

Mume wake alimnyamazisha kwa mkono. Aliniuliza, "Wengine walijua?"

"Walijua."

"Wote? Hata karani?"

"Wote."

Akatikisa kichwa polepole. "Nimekusamehe, jani nimelipokea. Lakini ungesema lako tu, mwanangu. Hao wengine ungeniachia. Sina wengine."

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, nikautua juu ya mguu ule ule uliovunjika.

Jumapili iliyofuata wenzangu walikwenda kwake na mkungu wa ndizi. Mke wake aliwaambia mumewe amekwenda shamba, kumbe yuko ndani, wanamsikia anakohoa. Fundi hakuchelewa kuelewa nani aliyesema. Alinifuata dukani, akasema mbele ya wateja nisikanyage tena kibandani kwake, mwanamke mwenye mdomo usio na breki. Wateja walicheka.

Niliendelea kuendesha, peke yangu, kutoka Soweto mpaka Kahe na kurudi, tambarare tupu. Milimani sikupanda, maana njia ya Himo inapita mbele ya baraza lake, na siku hizo alikuwa anashinda pale akiuza nyanya za mke wake. Mara moja tu nilipita. Aliona baiskeli inakuja, akanyanyua mkono juu kabisa, kwa shangwe, kama mtu anayemsalimu mwenzake. Nilipokaribia akanitambua. Akaushusha mkono, akaupitisha kwenye nyanya kana kwamba ndiko alikokuwa anaupeleka tangu mwanzo.