Hatuvuki Wavu

Mashindano ya tenisi ya walimu niliyatazama kwa macho yangu mara mbili tu, na mara zote mbili nilitamani kurudi nyumbani kabla mchezaji wa kwanza hajatoka jasho. Mengine niliyapata nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu hapa Rwezamenyo, mtaa wetu wa Waislamu mjini Kigali. Kaptura nyeupe za walimu nilizishona mimi, na shemeji yangu alikuwa mtu asiyeweza kupimwa kiuno bila kusimulia.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu. Alikuwa Mtutsi wa kutoka mashambani, akasilimu ili amwoe dada, akahamia kwetu. Mimi sikuwahi kuhama. Nilimaliza sekondari, nikarudi nyumbani, nikakaa. Babu yangu alikuwa mchuuzi aliyetembea kwa miguu kutoka Tanganyika na mzigo wa vitambaa kichwani, na nadhani aliimaliza safari ya ukoo mzima. Shemeji aliniita mwali, mimi mwanamume mzima, kama msichana anayefichwa ndani akingoja kuolewa. "Mwali, hujambo? Bwana harusi bado hajapatikana?" Namjibu: "Nangoja wewe ufe nirithi raketi." Ndio utani wetu. Wakati ule haukumuumiza mtu.

Kazi yake ilikuwa kufundisha tenisi katika klabu ya wakubwa, ng'ambo ya bonde. Walimu wote wa pale walianza wakiwa waokota mipira, wakapanda mpaka wakapewa wanachama wa kufundisha: Wazungu, wakurugenzi, wake wa wakurugenzi. "Kazi ya mwalimu," alisema shemeji, "ni kushindwa kwa adabu." Mwaka mzima walishindwa kwa adabu. Kisha kiangazi kikifika, klabu iliwaachia uwanja kwa siku chache na zawadi moja, wakacheza wao kwa wao, na hapo ndipo ungeona kumbe wanajua. Hayo ndiyo yalikuwa mashindano pekee ya watu waliokula kwa mchezo huo mjini kwetu. Na mji wenyewe ulikuwa mdogo: ukigombana na mkeo asubuhi, jioni muuza mkaa wa mtaa wa pili anakupa pole.

Walikuwa na mwiko mmoja. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, na mpira ukianguka huacha alama. Anayeamua kama mpira umeanguka ndani ya mstari au nje ni yule ambaye umeanguka upande wake. Anachora duara kuzunguka alama kwa ncha ya raketi, anatamka, basi. Mwenzake havuki wavu kwenda kuchungulia. Wanachama walivuka kila siku, kwa sababu mwanachama hawezi kumwamini mwokota mipira. Kwa hiyo walimu waliapiana: sisi hatuvuki. Kumvukia mwenzako wavu kulikuwa sawa na kumtemea mate usoni mbele ya mama yake.

Mwaka wa tisini shemeji alishinda baiskeli. Aliyeshindwa naye katika fainali alikuwa mwalimu mwenzake, mashoto, kijana mrefu mwenye mkono wa kushoto uliopiga kama mlango unaofungwa na upepo. Walikuwa marafiki. Ijumaa mashoto alikuja kwetu kula pilau ingawa yeye alikwenda kanisani, na alivua viatu mlangoni kama shemeji, kwa sheria ya dada: kiatu chenye udongo wa uwanja hakiingii nyumba yenye mikeka ya kusalia. Jozi mbili za viatu vyekundu kwenye kizingiti maana yake ni kwamba wacheza tenisi wawili wamo ndani wanamaliza nyama.

Mwezi wa kumi vita vilianza mpakani. Watutsi wa mjini wakaanza kukamatwa, wakiitwa washirika wa adui. Shemeji alichukuliwa barabarani akiwa juu ya baiskeli ya ushindi. Aliporudi, baada ya majuma mengi, alikuwa amepoteza baiskeli na mgongo wake ulikuwa na mistari kama godoro. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimepondwa kwa kitako cha bunduki. Askari alimwuliza kazi yake, naye kwa ujinga wake akasema ukweli.

Mashoto ndiye aliyekuja na kipande cha mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akamfunga raketi mkononi. Kila jioni uani kwetu: "Kaza! Kaza tena, sha, rafiki yangu!" Shemeji alilia kwa maumivu, mimi ndani nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie. Kiangazi kilichofuata alicheza akiwa amefungwa hivyo, akashindwa na mashoto, wakakumbatiana wavuni. Hiyo ni mara ya kwanza niliyokwenda. Zawadi ilikuwa redio.

Mwaka wa pili wa vita zawadi ilishuka ikawa mbuzi. Mchana wa nusu fainali guruneti lilirushwa kwenye kituo cha mabasi chini ya klabu. Shemeji alisema mpira ulikuwa hewani na hakuna aliyeurudisha. Waliteremka mbio, wakamkuta muuza karanga akiwa amekaa wima, kikapu mapajani, hana uso. Kulikuwa na mzee wa klabu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa. Mzee huyo alichota ndoo ya chokaa, akaimwaga juu ya damu barabarani, akarudi kuchota nyingine. Mwaka ule mistari ya fainali ilikuwa hafifu. Na mbuzi alikuwa amekata kamba, akapotea.

Halafu kikaja kiangazi cha tisini na tatu, mara yangu ya pili na ya mwisho. Mashoto alikuwa ameacha pilau yetu siku nyingi. Alikuwa amejiunga na vijana wa chama cha Rais, wale waliofanya mazoezi ya kuruka na kuimba asubuhi, na alikuja uwanjani na kundi lao. Walikaa upande mmoja wakimwita shemeji nyoka. Mimi nilikaa karibu na mlango wa kutokea, mahali pangu pa kawaida popote duniani.

Seti ya mwisho mashoto alipiga mpira mrefu pembeni. Shemeji alisogea, akatazama, akachora duara. "Nje."

Mashoto akasimama. Kisha akatembea mpaka kwenye wavu, akaupita pembeni, akaja. Walimu wote wakainuka. Aliinama juu ya duara. Alama ilikuwa nje ya mstari kwa upana wa kiganja, hata mimi niliiona kutoka mlangoni. Mzee wa chokaa, aliyekuwa amekaa na ndoo yake, akacheka. Cheko la mtu mzima, la puani, lakini uwanja mzima ulilisikia na wengine wakacheka pia.

Mashoto alimpiga shemeji mdomoni kwa ubavu wa raketi. Meno mawili yaliangukia kwenye chokaa. Wale vijana wakaruka ndani, wakamkanyaga mpaka walimu walipomvuta kwa miguu, na mkono wake uliofungwa ukaburura raketi nyuma yake kama mkia. Zawadi mwaka huo ilikuwa kreti za bia, na chupa zake ndizo zilizotupwa. Kumbukumbu yangu ya mashindano inaishia hapo, kwa sababu nilikimbia. Nilifika nyumbani kabla ya habari.

Aprili iliyofuata Rais aliuawa, na asubuhi yake wakaanza kuua Watutsi nyumba kwa nyumba. Tulimpandisha shemeji darini, juu ya chumba cha cherehani. Dada alichoma picha zake, akaficha nguo zake, akavunja hata kikombe chake. Shemeji alikuwa na kikohozi, kwa hiyo nilishona. Nilishona mashuka, nikafumua, nikashona tena, ilimradi cherehani ipige kelele. Wakati mji unakufa, mimi nilikuwa fundi mwenye bidii kuliko wote Kigali.

Wakaja mchana. Mashoto mbele, panga mkononi, mkono uleule wa kushoto, na lile panga halikuwa safi. Nyuma yake kundi, na mwenye sauti kubwa kati yao alibeba rungu la misumari.

"Mwali, hujambo?" alisema mashoto. Jina hilo alilijulia kwenye sinia letu.

"Sijambo."

"Bwana ya dada yako iko wapi?"

"Aliondoka siku ya kwanza. Hatujui aliko."

Mwenye rungu alikuwa anatazama chini. "Na viatu hii ya nani?"

Nikatazama. Kwenye kizingiti, mahali pake pa siku zote, vilikaa viatu vya tenisi vya shemeji, vyekundu kwa udongo. Tulikuwa tumeviruka kila siku. Tulichoma picha, tukavunja kikombe, na viatu tukaviacha mlangoni kwa sababu viatu vile hukaa mlangoni.

"Vyangu," nikasema.

Walicheka. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alishika tumbo. "Wewe? Wewe ukitumwa chumvi unarudi umechoka kama umetoka Makka!"

"Vaa," alisema mwenye rungu.

Nilivaa. Mguu wangu ulielea ndani kama kijiko kwenye sufuria.

"Ni kubwa," alisema.

"Mtumba huo, ndugu yangu. Haukunipima."

Wakacheka tena, lakini cherehani ilikuwa imenyamaza, na juu nilisikia pumzi ikijikaza, ile inayotangulia kikohozi. Dada akaja, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kukanyaga. Hapakuwa na kitambaa chini ya sindano.

Mwenye rungu akamgeukia mashoto. "Wewe unajua hii nyumba. Ingia, angalia."

Mashoto hakuingia. Alitazama viatu, kisha mikeka, kisha mimi. Alijua. Mtu aliyekula pale miaka miwili hawezi kutojua viatu vile mlangoni maana yake nini.

"Iko ndani, ama haiko?" aliniuliza. "Sema wewe. Ni upande yako."

"Hayumo."

Akachuchumaa. Kwa ncha ya panga alichora duara kwenye vumbi kuzunguka mguu wangu, taratibu, mpaka mwisho ukakutana na mwanzo.

"Haiko," aliwaambia.

"Unaamini huyu mwanamke?" alisema mwenye rungu, akasogeza mguu.

Basi mashoto akainuka na kunipiga gotini kwa mgongo wa panga. Mkono wa kushoto, kutoka chini kwenda juu, lile pigo nililoliona mara mbili nikiwa karibu na mlango. Nilisikia mfupa kabla sijausikia uchungu. Akanipiga tena nikiwa chini, na tena. "Mwongo ya viatu!" alipiga kelele. "Unacheza tenisi? Cheza!" Wakapenda. Walikuja mmoja mmoja wakanipiga mateke, wakachukua redio yetu, mashuka, na viatu walivivua miguuni mwangu. Nilipiga mayowe yote niliyokuwa nayo, na ninakiri nilizidisha kidogo, kwa ajili ya kikohozi. Dada alikanyaga cherehani mpaka barabara ikawa kimya.

Shemeji alishuka Julai, mwembamba kama mti wa ngazi, na ikabidi tumfundishe kutembea mimi na yeye pamoja, maana goti langu lilikuwa limejiunga vibaya. Sasa nina sababu ya daktari ya kukaa nyumbani. Niliingoja muda mrefu.

Habari za klabu zilitufikia baadaye. Mzee wa chokaa alijifungia katika stoo ya nyavu. Waliookoka wanasema aliyeuvunja mlango na kuingia peke yake alikuwa mashoto, na mzee hakutoka hai.

Siku moja shemeji alikuwa ananikanda goti kwa mafuta ya moto na vidole vyake vilivyopinda, mimi nikilalamika kama mwali hasa. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza, ilikuwaje pale mlangoni. Darini alisikia cherehani tu, na mayowe yangu. Nikamweleza: viatu, duara, maneno.

"Hakuvuka?"

"Hakuvuka."

Akaongeza mafuta kiganjani. "Kwa mzee wa chokaa alivuka," alisema.

Akafuta mafuta mikononi, akaenda mlangoni, akaokota ndala zake kwenye kizingiti na kuziingiza ndani, juu ya mkeka. Dada alimtazama, akaziacha hapo hapo.